Kulanti ya gari: lini ibadilishwe na kwa njia gani, kwa sisi wa Arusha na Moshi

Fundi wa Sakina (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kila mara swali la kulanti, yaani maji ya kupozea injini, linapoulizwa humu, jibu linaloungwa mkono na wengi ni kwamba kwetu theluji iko kileleni tu, kwa hiyo maji ya bomba yanatosha. Jibu hilo ndilo linalotuletea gereji rejeta zilizoziba, pampu za maji zinazovuja na silinda hedi (vifuniko vya juu vya injini) zilizopinda. Kwa kuwa wengi wetu tunaendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo historia yake hatuijui, naona suala hili linastahili uzi wake.

Nianze na hilo la theluji, maana ni ukweli nusu. Kulanti nyingi ni mchanganyiko wa ethilini glikoli, maji na viambato vya kuzuia kutu. Ni kweli kwamba glikoli huzuia maji kuganda, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu hustahimili baridi ya takribani nyuzi 37 chini ya sifuri, ambayo hakuna gari la Arusha litakaloiona. Lakini glikoli hiyo hiyo huinua kiwango cha kuchemka, na vile viambato, ambavyo ni sehemu ndogo tu ya ujazo wa chupa, ndivyo vinavyolinda chuma, alumini, shaba na sili za mpira zilizomo katika mzunguko mzima. Metali tofauti zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvichumvi, moja kati yao huliwa, na katika injini za sasa inayoliwa kwanza kwa kawaida ni alumini, ambayo ndiyo iliyotumika kuundia silinda hedi, rejeta na mara nyingi bloku (mwili wa injini) yenyewe. Anayejaza maji matupu, basi, hakosi kinga ya baridi asiyoihitaji, bali anakosa kinga ya kutu anayoihitaji kila siku.

Jambo la pili ambalo watu wa Dar es Salaam hawalazimiki kulifikiria sana ni mwinuko. Jiji la Arusha liko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji katika sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95, wala hayangoji 100. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye takribani mita 2,300, huchemka karibu na nyuzi 92. Kinachozuia injini zetu zisichemshe kila mlima ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ulioandikwa 0.9 huruhusu shinikizo la ndani kupanda kwa kiasi hicho cha bar (kipimo cha shinikizo) juu ya hewa ya nje, na kwa hapa Arusha hilo husogeza kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 116, huku kulanti iliyochanganywa vizuri ikiongeza nyuzi kadhaa juu ya hapo. Angalieni kwamba mfuniko huanza kuhesabu kutoka kwenye shinikizo la hewa ya mahali ulipo, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo akiba yako inavyopungua. Mwenye maji matupu na mfuniko uliochoka hufika Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akiwa amebakiwa na akiba ndogo sana, naye huitupia lawama injini.

Sasa, lini kulanti ibadilishwe? Kitabu cha gari ndicho chenye neno la kwanza. Kwa Toyota nyingi zilizotoka kiwandani na kulanti ya rangi ya waridi, yaani Toyota Super Long Life Coolant, mabadiliko ya kwanza ni kilomita 160,000 au miaka 10, na baada ya hapo ni kila kilomita 80,000 au miaka 5, kutegemea kipi kitatangulia. Zile za zamani zenye kulanti nyekundu zina muda mfupi zaidi, na ratiba iliyozoeleka ni miaka 2 au kilomita 40,000. Watengenezaji wengine wana hesabu zao, kwa hiyo mwenye Nissan au Subaru asichukue hesabu za Toyota.

Ila hesabu hizo zote zina sharti moja ambalo halisemwi kwa sauti kubwa, nalo ni kwamba hakuna mtu aliyeongeza kitu kingine humo ndani. Hapo ndipo ratiba inapovunjika kwetu. Dereva anaona chupa ya akiba imepungua, anamimina maji ya kunywa yaliyobaki ndani ya gari, na wiki nyingine anamimina ya bomba. Baada ya miezi, rangi bado ni ya waridi kwa mbali, na mwenye gari anaamini kwamba ana kulanti ya miaka 5. Alichonacho ni maji yaliyotiwa rangi. Tena amejinyima habari muhimu kuliko zote, kwa kuwa mzunguko mzima haupaswi kupungua kiasi cha kuonekana kila wiki, na ukipungua hivyo kuna mahali panapovuja.

Msimamo wangu, na anayetaka kuupinga anakaribishwa, ni huu: gari likitoka bandarini, au likinunuliwa kwa mtu asiye na kumbukumbu za matengenezo, kulanti yake ibadilishwe mapema bila kusubiri dalili, na mfuniko wa rejeta ubadilishwe papo hapo. Hata lile ambalo halijaguswa tangu Japani huenda likawa na mchanganyiko hafifu, kwa sababu katika maeneo ya joto ya nchi hiyo asilimia 30 ni kipimo cha kawaida, na glikoli huzeeka: joto na hewa huigeuza polepole kuwa asidi, na viambato hutumika katika kuipoza asidi hiyo mpaka vinaisha. Baada ya kubadilisha, andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha utepe na ukibandike ndani ya boneti, ili fundi wa baadaye asikisie.

Dalili zinazokuambia usisubiri ratiba ni kulanti kuwa na rangi ya kutu au ya chai, chembechembe zinazoelea, utelezi wa tope chini ya mfuniko, au ukoko mweupe kwenye maungio ya mipira. Ukiona mafuta yanaelea juu yake, au oili ya injini imefanana na kahawa ya maziwa, suala limeshatoka kwenye kulanti na kuingia kwenye gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya hedi na bloku), na kubadilisha kulanti hakutakusaidia chochote.

Kuhusu maji ya kuchanganyia nitasema zaidi, kwa kuwa ndipo tunapoharibikiwa. Kulanti za magari ya Kijapani kwa kawaida hutumia fosfeti kama mojawapo ya kinga za alumini. Fosfeti ikikutana na maji magumu, yenye kalisi na magnesi nyingi, hugandana nazo na kutua kama ukoko ndani ya mirija membamba ya rejeta. Ndiyo sababu watengenezaji wa Ulaya, ambako maji magumu ni mengi, waliikwepa fosfeti na kuchagua silikati. Huku kwetu ubora wa maji hutofautiana kutoka kisima hadi kisima. Kila mtu anajua alama ambazo floraidi huacha kwenye meno ya watu wa kuzunguka Mlima Meru, ambako vyanzo vingi huzidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Sisemi kwamba floraidi ndiyo inayoziba rejeta. Nataja hayo kuonyesha kwamba maji yaliyopita katika miamba ya volkano hubeba mengi yasiyoonekana, hata yakiwa maangavu kama machozi. Tumieni maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, lakini msome kibandiko kwanza, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo huwa kuna chupa za asidi ya betri, na kuna watu wanaoziita zote kwa jina moja.

Njia ya kubadilisha nitaiandika chini, baada ya kusikia maswali ya kwanza.

Mdau wa Usa River

Mkuu, ahsante kwa somo. Nina Toyota IST, na fundi wangu aliondoa themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) akasema kwamba katika nchi ya joto ni kizuizi tu cha maji. Tangu hapo geji ya joto haipandi kabisa asubuhi, nami nilidhani hiyo ni dalili njema. Je, nikibadilisha kulanti niirudishe?

Fundi wa Sakina

Irudishe, mkuu, na uifanye kazi hiyo siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji yatakuwa yameshamwagwa. Themostati ya injini kama hiyo huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Injini inayokimbia ikiwa baridi hunywa mafuta mengi, kwa sababu kompyuta yake inaendelea kuongeza petroli ikidhani kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa. Oili yake hukusanya unyevu, na silinda huchakaa mapema. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu mtu anavaa koti, sasa sijui joto analolisema fundi wako ni la wapi. Kwa kawaida mtu huondoa themostati kwa sababu gari lilikuwa linachemsha na chanzo hakikutafutwa, kwa hiyo uwe tayari kukuta rejeta iliyoziba au feni isiyowaka kwa wakati wake.

Binti wa Kiboriloni

Naomba kuuliza kuhusu rangi. Gari langu lina kulanti ya waridi, na dukani hapa Moshi nimekuta ya kijani, ya bluu na nyekundu. Muuzaji anasema zote ni sawa na kwamba rangi ni urembo. Na swali la pili: nitajuaje kwamba ninachouziwa ni kulanti kweli, na si maji yaliyotiwa rangi?

Fundi wa Sakina

Dada, muuzaji wako amesema kweli upande mmoja na kukosea upande wa pili. Rangi kweli ni urembo, kwa maana hakuna kanuni ya dunia inayosema kijani ni aina hii na nyekundu ni aina ile, na kampuni mbili zinaweza kuuza vitu tofauti kabisa vyenye rangi moja. Lakini haitokani na hapo kwamba zote ni sawa. Zipo za zamani zinazotegemea silikati na chumvi nyingine zinazoisha haraka, zipo zinazotegemea asidi za kikaboni zinazodumu, na zipo za mchanganyiko. Ukizichanganya ndani ya gari moja, jambo dogo litakalotokea ni muda wa kinga kufupika mpaka ule wa kulanti dhaifu zaidi, na jambo kubwa ni kutokea kwa utelezi mzito unaoziba rejeta na hita. Kwa hiyo soma kibandiko, si rangi. Tafuta maneno yanayosema inafaa kwa magari ya Kijapani au ya Asia, yenye fosfeti na isiyo na silikati, au tafuta alama ya kiwango cha Japani, JIS K 2234. Alama ya ASTM D3306 ni ya Marekani na ni nzuri kwa magari madogo kwa jumla, ila haikuambii aina ya viambato.

Kuhusu bandia, kuna kipimo rahisi ambacho mtu yeyote mwenye friza anaweza kukifanya. Mimina kiasi kidogo cha kulanti iliyokwisha kuchanganywa ndani ya chupa ya plastiki, usiijaze, ifunge vizuri, iandike kwa herufi kubwa kwamba ni sumu, na iweke kwenye friza usiku kucha, mbali kabisa na chakula na mahali ambapo mtoto hafiki. Friza ya nyumbani hushuka hadi nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu utabaki kimiminika. Wa asilimia 30 utaanza kuwa kama barafu iliyosagwa. Ukikuta bonge gumu la barafu la rangi ya kupendeza, ulichouziwa ni maji. Kipimo hiki hakikuambii lolote kuhusu viambato vya kuzuia kutu, kwa hiyo kinaweza kumkamata mwongo lakini hakiwezi kuthibitisha ukweli. Wenye gereji tuna kifaa kidogo cha kutazamia kwa jicho, kinachopima ukolezi kwa tone moja, na mteja ana haki ya kuomba kionyeshwe mbele yake.

Mzee wa Majengo

Vijana, mimi nimeendesha Land Rover na Bedford katika barabara hizi kabla hazijawekwa lami, tukiweka maji ya mfongo, yaani mfereji wa kienyeji, na injini zilikufa kwa uzee wake. Sasa mnaniambia Vitz ya mjukuu wangu inahitaji maji ya chupa. Je, huu si ujanja wa wauza vipuri?

Fundi wa Sakina

Shikamoo Mzee wangu. Ulichosema ni kweli, na sababu yake iko kwenye chuma. Land Rover hizo zilikuwa na bloku na silinda hedi za chuma cha kusubu chenye kuta nene, na rejeta ya shaba yenye mirija mipana ambayo fundi aliweza kuifungua, kuisafisha kwa waya na kuilehemu upya. Kutu ilikuwepo, ila ilikuwa na mengi ya kula kabla ya kufika upande wa pili. Vitz ina silinda hedi ya alumini, njia za maji nyembamba, na rejeta ya alumini yenye vichwa vya plastiki, ambayo ikiziba au ikitoboka mara nyingi hutupwa. Halafu silinda hedi ya alumini ikizidiwa na joto mara moja tu hupinda, na hapo mjukuu atalipa gasketi na kazi ya kusawazisha hedi, gharama ambayo ingenunua kulanti ya miaka mingi. Kuhusu wauza vipuri sitabisha, wajanja wamo.

Dereva wa Kaskazini

Naongeza la barabarani, mkuu, maana mimi ni dereva wa watalii. Katika Land Cruiser zetu, mtihani wa kweli ni kile kipande cha kutoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu, gari likiwa limejaa wageni na mizigo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Gari lenye kulanti safi lakini lenye rejeta iliyojaa mbegu za majani na vumbi la Serengeti kwa nje litachemsha vilevile. Sisi husafisha mapezi ya rejeta kwa maji yasiyo na presha kubwa, tukipiga kutoka upande wa injini kwenda nje, na hufanya hivyo baada ya kila safari ndefu ya kiangazi. Vijana wa kuosha magari wanaopiga presha kutoka mbele huisukuma takataka ndani zaidi na kuyakunja mapezi.

Na lingine kwa wageni wa barabara hizi: geji ikianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho hata kama mtapata tabu ndani, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, acha injini iungurume kidogo bila kukanyaga mafuta ili maji yaendelee kuzunguka, na geji isiposhuka uizime. Mfuniko usiguswe. Nimeona kondakta akiufungua kwa kitambaa, na sitaki kukumbuka zaidi ya hapo.

Fundi wa Sakina

Umeniondolea kazi, kaka. Maji yaliyo chini ya shinikizo yakiwa na nyuzi 110 hubaki maji mpaka mfuniko ulegezwe, na ukilegezwa sehemu yake hugeuka mvuke kwa mpigo mmoja na yote kuruka usoni. Subirini mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza. Na msimwagie injini ya moto maji baridi, kwa kuwa bloku na hedi zinaweza kupasuka.

Sasa njia yenyewe. Nitatumia mfano wa gari dogo ambalo mzunguko wake wote huchukua takribani lita 5. Kiasi halisi cha gari lako kimo kwenye kitabu, na Land Cruiser za dizeli hupita lita 10.

Injini iwe baridi kabisa, na ikiwezekana iwe imelala usiku. Egesha mahali tambarare, weka hita kwenye moto mpaka mwisho, fungua mfuniko wa rejeta, kisha weka beseni chini na ulegeze koki iliyo chini ya rejeta. Koki nyingi ni za plastiki na hukatika kwa hasira, kwa hiyo mkono unatosha. Magari mengi yana pia boliti ya kumwagia ubavuni mwa bloku. Anayeweza kuifikia aifungue, maana bila hiyo karibu lita 2 kati ya zile 5 hubaki ndani ya injini. Chupa ya akiba nayo ivuliwe na ioshwe, kwa kuwa tope lote hutua humo.

Ikiwa kulanti iliyotoka ni safi na ni ya aina ile ile unayorudishia, hakuna haja ya kusuuza. Funga koki, jaza mpya, umemaliza sehemu kubwa. Ikiwa imetoka na kutu, suuza: jaza maji safi, washa injini mpaka themostati ifunguke, ambapo mpira wa pili wa rejeta nao utapata joto, zima, ngoja ipoe, mwaga, na urudie mpaka yatoke maangavu. Msuuzo wa mwisho uwe wa maji yaliyotoneshwa, kwa sababu yale yatakayobaki ndani ya bloku ndiyo utakayoishi nayo. Dawa kali za kusafishia siziungi mkono kwenye rejeta kuukuu ya alumini, kwa kuwa wakati mwingine ukoko ndio pekee ulioziba tundu.

Hapa kuna hesabu ambayo hata mafundi wenzangu huiruka. Ukishasuuza, ndani ya bloku kuna lita 2 za maji matupu. Ukijaza juu yake lita 3 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu kiwandani, utakuwa na lita 1.5 tu za kulanti halisi ndani ya lita 5, yaani asilimia 30, ilhali chupa uliyonunua inasema 50. Kwa hiyo aliyesuuza kwa maji anunue kulanti kali isiyochanganywa, atangulize lita 2.5, kisha ajazie nafasi iliyobaki kwa maji yaliyotoneshwa. Kinyume chake pia ni kosa: kujaza kulanti kali peke yake hakuongezi ulinzi, kwa sababu glikoli hubeba joto vibaya kuliko maji, na ikipita asilimia 60 au 70 injini huanza kupoa kwa shida.

Jaza polepole, ukiiminyaminya mipira ya rejeta ili hewa itoke. Pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, hewa hupanda kwa urahisi zaidi. Washa injini mfuniko ukiwa bado wazi, ongezea kadiri kiwango kinavyoshuka, na mapovu yakikoma na feni ikiwa imewaka na kuzima angalau mara moja, funga. Hita ikipuliza hewa baridi wakati geji imefika katikati, bado kuna hewa iliyonaswa, na gari hilo lisipelekwe mlimani mpaka hewa itoke.

Binti wa Kiboriloni

Na ile ya zamani iliyo kwenye beseni niimwage wapi? Nyuma ya nyumba yetu unapita mfereji unaomwagilia migomba ya majirani.

Fundi wa Sakina

Usiimwage mferejini, dada, wala shimoni karibu na kisima. Ethilini glikoli ina utamu, na ndiyo hatari yake: mbwa, paka na watoto huinywa bila kulazimishwa, na kiasi kidogo tu huharibu figo na kuua. Funika beseni wakati wote wa kazi, miminia kulanti chakavu kwenye galoni lenye mfuniko wa kuzungusha, liandike, na ulipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu, ukiuliza kwanza kama wanapokea na kulanti, ambayo isichanganywe na oili. Chupa ya maji ya kunywa isitumike hata kwa muda. Mtu, hasa mtoto, akiinywa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima.

Mdau wa Usa River

Nimefanya kazi yote jana pamoja na themostati mpya. Geji sasa inasimama katikati. Ila leo asubuhi chupa ya akiba imeshuka karibu upana wa vidole viwili. Je, nina mvujo?

Fundi wa Sakina

Si lazima, mkuu. Injini ikipoa, kulanti husinyaa na rejeta huvuta kutoka kwenye chupa kupitia vali ndogo iliyo katikati ya mfuniko, na nafasi ya hewa iliyobaki ndani hujazwa kwa njia hiyo. Ongeza mchanganyiko ule ule, si maji, mpaka alama ya juu injini ikiwa baridi, na uangalie tena kwa asubuhi chache. Kiwango kikitulia, kazi imekwisha. Kikiendelea kushuka, usiendelee kuongeza. Tazama kwanza koki ya chini na maungio ya mipira, kisha tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji, ambalo likitoa matone au alama ya waridi iliyokauka linasema sili ya pampu imechoka, na mwisho zulia la abiria wa mbele, ambalo hulowa hita ikivuja. Kama kote huko ni kukavu, gari lipelekwe likapimwe kwa pampu ya shinikizo inayofungwa mahali pa mfuniko, ambayo husukuma mpaka kipimo kilichoandikwa juu ya mfuniko bila kuwasha injini. Sindano ikishuka na nje hakuna tone, kulanti inaingia ndani ya silinda, na hapo uje na gari kwa kuvutwa badala ya kuliendesha.